Chungu Kimehama, Mafiga Yamebaki

Kwa muda wa miezi miwili sikuandika neno wala sikughani ubeti, na wasomaji walionizoea wameniuliza kama niko salama. Niko salama, namshukuru Mungu. Nilikuwa katika kuhama. Sikuhama nyumba, maana nyumba yangu ya Chumbageni, hapa Tanga, ndiyo ile ile, na mwembe wake ndio ule ule. Nilihama kompyuta. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Imenichukua wiki saba, na nusura inipokonye sauti ya mama yangu.

Kwa wasionijua, nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikirekodi watu wanaoghani tenzi na mashairi. Studio yangu ilikuwa stoo ya mkaa. Nimetundika magodoro mawili ukutani kuzuia mwangwi, nina maikrofoni moja na hedifoni jozi mbili, na kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba mwaka 2011. Katika kompyuta hiyo zimo kazi 63. Nyingine ni sauti tupu. Nyingine nimezitilia ala: ngoma, udi, zumari, na hasa kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani katika taarabu ya Unguja. Ala hizo sinazo nyumbani. Zinatoka ndani ya kompyuta, katika zile programu ndogo zinazopachikwa kwenye programu kubwa ya kurekodia. Wataalamu wa istilahi wameziita programu jalizi, na jina hilo nalipenda, kwa kuwa nasikia ndani yake kitenzi kujaliza. Vijana wa studio husema plagini, nami nikiwa nao husema hivyo hivyo.

Mwaka huu kompyuta ile ilianza kunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Ikifanya kazi dakika 20 hupata joto, ikazimika yenyewe. Mwanangu wa Dar es Salaam akaniletea kompyuta mpakato, nyepesi kama sinia tupu. Nikamwita kijana fundi wa mtaani kwetu, ambaye baba yake nilimfundisha kidato cha pili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unihamishe, vyombo vyote, nisiache hata kijiko."

Akaketi, akaunganisha diski ya nje, akanakili mafolda yangu, akaweka programu kubwa ya kurekodia katika mashine mpya. Alipomaliza chai na vitumbua vyake alikuwa amemaliza na kazi. "Kila kitu kimehama, mwalimu. Na hii ya zamani nitaichukua kwa vipuri, nikupunguzie elfu hamsini." Alikwisha kuikumbatia, waya zinamburura nyuma, pikipiki inamngoja nje. Sijui ni nini kilichonisukuma kusema, "Ngoja kwanza tusikilize." Labda ni kule kufundisha kwa miaka mingi methali ya usiache mbachao kwa msala upitao.

Nikafungua kazi ninayoipenda kuliko zote. Mistari ikajipanga kwenye kioo kwa rangi zile zile nilizozichagua mwenyewe, na majina yale yale: Mama 1, Mama 2, Kanuni, Zumari. Nikabonyeza kitufe cha kupiga. Kijiti cha muda kikatembea toka kushoto kwenda kulia, kikapita juu ya kila kitu. Hakuna kilicholia. Kisha likaja tangazo refu: mafaili 14 hayakuonekana, programu jalizi 6 hazikuonekana.

Kijana akaitua ile kompyuta ya zamani taratibu sakafuni. Akasema maneno ambayo tangu siku ile sijaacha kuyatafakari: "Mwalimu, hili faili si wimbo. Ni maelekezo ya wimbo."

Niruhusuni nieleze alichomaanisha, kwa kuwa wengi wetu tunaorekodi mashairi nyumbani hatukijui mpaka kitupate. Faili lile la kazi halikufika megabaiti 2. Sauti ya mtu mmoja, ikirekodiwa kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 8 kwa kila dakika. Basi hesabu yenyewe yakuonyesha kwamba ndani ya faili hamna sauti. Mna maagizo tu: nenda diski fulani, folda fulani, uchukue faili fulani, lianze sekunde ya 12, likate hapa na hapa, lipitishe kwenye plagini hii ili lipate mwangwi, kisha ipigwe kanuni. Na hata mapigo ya kanuni yenyewe si sauti. Yameandikwa kwa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta vimekuwa vikisemeshana tangu mwaka 1983. Lugha hiyo hutaja noti gani ibonyezwe, kwa nguvu gani, lini iachwe. Haisemi noti hiyo italia vipi. Mlio ni wa chombo, na chombo kisipokuwapo maagizo hayana wa kumwamuru.

Nilipolala usiku ule niliona kwamba jambo hili si geni kwetu. Miswada yetu ya kale iko hivyo hivyo. Utenzi wa Tambuka, unaohesabiwa miongoni mwa miswada mikongwe ya Kiswahili, una tarehe ya 1728, na umeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati ile ya zamani mara nyingi haikupambanua p na b, wala e na i, wala o na u. Asiyekijua Kiswahili hakuweza kuusoma. Mwandishi aliwaandikia wanaojua tayari. Na juu ya hayo hakuandika mahadhi. Utayahesabu mizani, utaviona vina, utakiona kina cha bahari kikijirudia kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini sauti iliyokuwa ikiubeba utenzi ule hutaiona popote katika karatasi. Ilikuwa katika vifua vya watu, na vifua hivyo vimezikwa. Tofautisha na santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Santuri yataka sindano na sahani ya kuzungukia, na sauti ya bibi yule imo, imechorwa katika mfuo wenyewe. Mimi nilidhani kazi zangu ni santuri. Kumbe zilikuwa miswada.

Sasa nieleze kwa nini kazi ile ilikuwa na uzito. Mama yangu alizaliwa Pangani. Hakupelekwa shule, bali alisoma chuoni, na alihifadhi sehemu kubwa ya utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, mnamo mwaka 1858. Maneno ya utenzi huo yamechapishwa mara nyingi na hayahitaji mlinzi kama mimi. Lakini mama aliughani kwa mahadhi aliyoyapokea kwa mama yake, na Kiamu cha utenzi kikipita katika kinywa cha Pangani kilipata utamu ambao sijausikia kwa mwingine. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 81, nilimketisha katika stoo yangu alasiri mbili. Mwaka 2019 akatangulia mbele ya haki. Hatukuwahi kurudia.

Tulipofuatilia yale mafaili 14 tuliyakuta katika diski D ya mashine ya zamani. Mwaka ule diski C ilikuwa imejaa, nikaielekeza programu ihifadhi sauti kwenye D, nikasahau. Kijana alinakili folda nilizomwonyesha, na mimi sikumwonyesha D kwa kuwa sikukumbuka kwamba ipo. Yaani sauti ya mama ilikuwa ndani ya lile sanduku lililokuwa likitoka mlangoni kwa shilingi elfu hamsini. Simlaumu kijana. Mhamaji ndiye anayejua vyombo vyake viko vyumba gani.

Mafaili hayo tuliyanakili jioni ile ile, tukaielekeza programu mpya mahali pake papya, na mistari ya Mama 1 na Mama 2 ikapata uhai. Zikabaki zile programu jalizi 6, na hapo ndipo zilipokwenda wiki saba.

Mbili kati yake nilizinunua kwa halali. Leseni zake zimefungwa kwenye kompyuta, na kila leseni huruhusu mashine mbili tu. Nafasi moja ilikuwa imeliwa na kompyuta nyingine iliyokufa zamani bila kuiachia, ya pili ilishikwa na hii inayougua. Dawa yake ni kuifungua plagini katika mashine ya zamani, mtandao ukiwapo, na kubonyeza kitufe cha kuachia leseni, ndipo mashine mpya iipokee. Ukikosea mpangilio, ukaifuta ya zamani kwanza, utabaki kuandika barua pepe za kusihi. Tuliachia zote mbili asubuhi moja, feni ya mezani ikipuliza tumboni mwa kompyuta iliyovuliwa ubavu.

Tatu nyingine naziungama hapa, maana nimeona haya kuzificha. Zilikuwa za wizi. Kijana mmoja wa studio alinitilia miaka mingi iliyopita, kufuli zake zimevunjwa, nami sikuuliza. Mashine mpya ilizikataa na mlinzi wa virusi akazifuta papo hapo. Nilikasirika, kisha nikajikuta nacheka. Mimi ni yule yule niliyeandika kwa uchungu juu ya mashairi yangu yanayosomwa harusini bila ya ubeti wa mwisho, kwa sababu ubeti huo una jina langu. Aliyetunga plagini naye ametia jina lake mwishoni, na jina hilo huitwa leseni. Kung'oa leseni na kung'oa ubeti wa tamati ni tendo moja. Mbili nimepata zinazotolewa bure na watunzi wake, zinatosha kabisa kwa mwangwi na kusafisha sauti. Ya tatu nimeinunua kwa malipo ya vipande.

Ya sita ilikuwa kanuni. Hiyo niliinunua, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya programu za biti 32, zile zisizoweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, na programu yangu mpya ni ya biti 64. Kijana alitafuta daraja la kuiunganisha mpya na ya kale. Daraja likashika. Plagini ikafunguka, ikaomba kuidhinishwa na watengenezaji wake, na watengenezaji wale walikwisha kufunga biashara. Hapakuwa na mtu upande wa pili wa kumwambia ndiyo.

Tukabakiwa na njia moja: kuirudia mashine ya zamani, ambamo kanuni bado ililia, na kuigeuza kila kazi kuwa sauti kamili, mstari kwa mstari, katika mafaili ya WAV ambayo kompyuta yoyote yaweza kuyafungua bila plagini wala leseni. Vijana huita kubaunsi. Mimi nimeazimia kusema kumimina, kwa kuwa ndivyo nilivyojiona: ninamimina kutoka chombo kinachovuja kwenda chombo kizima. Nikawa naamka baada ya sala ya alfajiri, hewa ingali baridi, naiwasha mashine, namimina mpaka izimike. Dakika 20, pengine 25. Kisha naingoja ipoe hadi kesho yake. Kila faili lianzie sekunde ya sifuri, hata kama zumari haiingii mpaka dakika ya nne, ili siku ya kuyapanga tena yote yasimame pamoja bila kubahatisha.

Katika wiki ya sita nilikuwa nimemimina kazi 58. Asubuhi ya Jumatano nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, ikazimika, na haikuwaka tena. Kijana alijaribu alichojaribu kwa wiki nzima. Diski zake ni nzima. Ubao mkuu ndio uliokufa. Kazi 5 zilisalia hazijamiminwa, na ya mama ilikuwa mojawapo. Nilikuwa nikiiahirisha makusudi. Nilitaka niifanye siku ya utulivu, nisikilize vizuri, isiwe kama nyingine. Nimewaonya wanafunzi wangu maisha yangu yote kwamba swali lenye alama nyingi lisiachwe mwisho, nami nikaliacha.

Maagizo ya kanuni yangalipo, noti zote, nilivyozipiga kwa vidole vyangu mwaka 2014. Kijana alizielekeza kwenye kinanda kingine. Zikalia, lakini si zile. Plagini ya zamani ilikuwa na mpangilio wake wa sauti za maqamu, zile zinazokaa baina ya noti mbili za piano, na mpangilio huo ulikuwa ndani ya chombo, haukuwa katika maagizo. Ilisikika kama mtu anayesoma Kiamu kwa matamshi ya shuleni. Nikamwambia aizime.

Hapo nikamsikia mama peke yake kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, na nikasikia kitu ambacho hakikunipendeza. Kila alipofika kipande cha nne cha ubeti, pale penye kina cha bahari, sauti yake ilikatika ghafla kama imefungiwa mlango. Kanuni ilikuwa ikiziba pengo hilo, ndiyo maana sikupata kulitambua. Nikarudi kwenye rekodi mbichi, ile ambayo haijaguswa, iliyotoka diski D. Mama hakatiki. Anaivuta silabi ya mwisho, anaipandisha kidogo, anaitua, anavuta pumzi, ndipo anaingia ubeti unaofuata. Mvuto huo haulingani baina ya ubeti na ubeti. Ubeti mzito huvutwa zaidi. Mimi ndiye niliyeikata mivuto yote ili mama aingie katika mapigo ya kanuni. Na katika dakika ya 11 ya alasiri ya kwanza nasikika nikigonga meza kumpa mwendo, na yeye anasimama na kuniambia, "Usinikimbize, mwanangu. Mwisho huvutwa." Maneno hayo niliyafuta mwaka 2014 pamoja na kikohozi chake na kelele za kuku. Niliyahesabu kuwa uchafu.

Sisemi kwamba ni heri kanuni ilipotea. Niliipenda, nami niliifanyia kazi majuma mengi. Lakini nimemrudishia mama mivuto yake, na kazi ile sasa ina mstari mmoja tu. Katika kungoja mashine ipoe nilitunga beti mbili, nazo ni hizi:

Chungu nimekihamisha
Na kuni nimeziwasha
Lakini kinachochosha
Mafiga yamesalia.

Sauti haishikiki
Wala haiandikiki
Ikizama haizuki
Ila kwa kuisikia.

Kwa wenzangu wenye studio za uani, niliyojifunza ni machache. Kabla ya kununua kompyuta mpya, ilimradi ya zamani ingali hai, andika orodha ya plagini zote na uandike kila leseni imetoka wapi. Ifungue kila kazi na uiamuru programu ikusanye mafaili yake yote katika folda moja. Programu nyingi zina amri hiyo. Mimina kila mstari uwe WAV, ukianza na ule unaouogopa zaidi. Achia leseni kabla ya kufuta chochote. Rekodi mbichi usizisafishe kwa kuzifuta: nakili, kisha usafishe nakala. Weka nakala rudufu mbili, moja isikae nyumba uliyomo. Na mashine ya zamani isivuke kizingiti mpaka umesikiliza kazi zote kwa masikio yako, tangu mwanzo hadi mwisho. Kuona mistari kwenye kioo si kusikia.

Juzi kijana fundi alipita kunisalimu, akaniuliza kwa adabu kama sasa yale mabaki ya kompyuta yana kazi yoyote kwangu. Nikamwambia achukue vipuri vyote, na ile elfu hamsini aiache. Diski mbili nimebaki nazo. Zimo ndani ya sanduku la mama, zimefungwa kanga.